Mgongo na Mzigo

Mgongo ni katika viungo ambavyo mwenye navyo havioni. Uso huonekana katika kioo, mikono hufanya kazi mbele ya macho, na miguu hutazamwa ikitembea. Lakini mgongo hukaa nyuma kama mtumishi mwaminifu asiyeitwa mbele ya wageni, na mwenyewe hana habari nao mpaka siku unapokataa kuinuka. Yamkini hiyo ndiyo sababu watu wameupa heshima kwa maneno wakaunyima kwa vitendo. Nchini Tanzania imesemwa kwa miaka mingi kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Maneno hayo ni ya kweli, na msemaji wake hakosi kupigiwa makofi. Wachache wamejiuliza juu ya uti wa mgongo wa yule ashikaye jembe, au wa yule ashushaye gunia la mahindi likifika mjini.

Kipawa ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo. Ni kata ya Ilala, kando ya barabara ambayo zamani iliitwa ya Pugu na sasa huitwa ya Nyerere. Ina viwanda na maghala, ina uwanja mkubwa wa ndege wa nchi, na ina nyumba za watu zilizobanana kati ya vitu hivyo viwili. Baadhi ya wakazi wake wa zamani walihamishwa ili kupisha upanuzi wa uwanja huo, ambao jengo lake la tatu la abiria lilifunguliwa mwaka 2019. Jina la mahali hapo lina maana ya zawadi ambayo mtu huzaliwa nayo, na wengi waishio hapo hawakujaliwa kipawa kingine cha kuuzika ila nguvu za mwili.

Mlangoni pa ghala, kabla jua halijapanda, vijana na watu wazima hungoja lori. Lori likifika husikika sauti ya msimamizi ikiita watu sita au wanane, na walioitwa huvua mashati, hufunga kiuno kwa mkanda au kwa kipande cha kanga, na kujipanga. Wawili walio juu ya lori huinua gunia. Aliye chini hugeuza mgongo, huinamisha shingo na kulipokea. Toka hapo mpaka ndani ni hatua thelathini au arobaini, na mwisho wake pana ubao wa kupandia juu ya shehena. Mchukuzi hatembei, bali huenda mwendo wa nusu kukimbia, maana mzigo mzito haupendi kusubiri. Akiisha kuutua hurudi mikono mitupu, hupangusa jasho, hugeuza mgongo tena. Ujira huhesabiwa kwa gunia.

Gunia hilo lina kisa chake. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu mazao ya shamba yafungwe kwa uzito unaozidi kilo 100. Hata hivyo wafanyabiashara wamezoea lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa likajaa, kisha likaongezewa kilemba juu yake mpaka uzito ukapita kiasi. Wakala wa Vipimo huipiga vita lumbesa mara kwa mara, na sababu inayotajwa ni kumlinda mkulima asipunjwe, kwa kuwa bei ni ya gunia, na gunia likivimba faida ni ya mnunuzi. Sababu hiyo ni njema, walakini mgongo haumo ndani yake. Mkulima ana mtetezi katika mizani, mchukuzi hakutajwa.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya mizigo ibebwayo na mtu mmoja, na pendekezo lililoufuata likataja kilo 55 kuwa kikomo cha mwanamume mzima. Gunia lililo halali Tanzania ni karibu mara mbili ya kikomo hicho. Tena hapana haja ya kwenda Geneva kutafuta ushahidi. Ng'ambo ya ukuta wa uwanja wa ndege, hapo hapo Kipawa, sanduku la msafiri likizidi kilo 32 aghalabu hukataliwa kuwa mzigo wa kawaida. Mwenyewe huambiwa alifungue mbele ya watu, atoe viatu na zawadi, apunguze. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya ndege, ambayo haisumbuliwi na sanduku moja. Iliwekwa kwa ajili ya mgongo wa mtu anayeliinua.

Na kilo 32 ni hesabu ya kale katika nchi hii. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mzigo wa mpagazi kwa kawaida ulikuwa ratili 60 hadi 70, kiasi cha frasila mbili; na ratili 70 ni kilo 32 kasoro kidogo. Wanyamwezi, ambao sifa yao katika kazi hiyo ilivuma pwani na bara, walikijua kipimo hiki na walikitetea. Mzigo ukizidi waligoma kuuinua, na tajiri aliyeshikilia ukaidi aliamka akakuta watu wametoroka usiku. Mambo yaliharibika zaidi ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipokusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lililainika vinywani mwa watu likawa Kariakoo, na hivi leo mtu hununua vitunguu katika soko hilo bila ya kukumbuka kwamba jina lake ni jina la migongo. Kwa hivi mchukuzi wa Kipawa abebaye kilo 100 hubeba mizigo mitatu ya mpagazi wa kale kwa mkupuo mmoja. Kweli, safari yake ni fupi. Lakini huirudia mara mia.

Uti wa mgongo si nguzo moja kama jina linavyodhaniwa. Ni pingili 24 zilizopangwa moja juu ya moja, saba za shingo, kumi na mbili za kifua na tano za kiuno, na chini yake mifupa iliyoungana. Kati ya pingili na pingili kuna mito ya gegedu, migumu kandoni na yenye ute mzito katikati, ambayo hupokea vishindo. Misuli na kano huishika nguzo hiyo pande zote kama kamba zinavyoshika mlingoti. Katika miaka ya 1960 daktari wa Uswidi aitwaye Alf Nachemson alipima kwa sindano shinikizo lililomo ndani ya mito hiyo katika migongo ya watu walio hai, akaona kwamba mtu akiinama hali ameshika kitu, shinikizo huongezeka sana kupita la mtu aliyesimama wima. Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakueleza ni mara ngapi kwa siku, wala mvunguni mna kilo ngapi.

Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba kila maumivu ya mgongo ni pingili iliyovunjika au mto uliopasuka. Katika wagonjwa kumi wenye maumivu ya kiuno, tisa hivi hawana sababu moja ambayo daktari anaweza kuionyesha kwa kidole. Uchunguzi uliokusanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata katika watu wasiosikia maumivu yoyote, wenye umri wa miaka 20 kwa asilimia 37 wana mito iliyoanza kuchakaa, na wenye miaka 80 karibu wote. Picha ya mashine basi huonyesha mikunjo ya ndani kama kioo kinavyoonyesha mikunjo ya uso, haionyeshi uchungu. Habari hii huwakasirisha wagonjwa. Mtu aliyeuza mbuzi ili alipe picha hapendi kuambiwa kuwa picha haina la kusema.

Maumivu haya yameenea duniani kote. Katika mwaka 2020 walihesabiwa watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno, na inakisiwa kuwa ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Mwenye kuumia si mchukuzi peke yake. Dereva wa daladala hukaa juu ya kiti kilichochakaa tangu alfajiri hadi usiku, akitikiswa. Fundi cherehani huinama juu ya sindano. Mama huinua ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kamili, huku mtoto yumo mgongoni, kisha hufagia uani kwa ufagio mfupi ambao aliyeubuni hakuwa na kiuno. Walakini dereva akiumia huweza kumpa mwenzake usukani siku mbili, na fundi akafunga duka. Mchukuzi akiumia, duka lililofungwa ni mwili wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapana anayeijua methali hiyo kama mtu anayelala chali chumbani akisikia wenzake wakipita kwenda ghalani.

Tiba ya kwanza hutoka nyumbani. Mke hutia maji motoni, huchovya kitambaa, hukikamua na kukikandamiza kiunoni, na mikono yake hujua jambo hilo kwa kuwa yeye mwenyewe alikandwa vivyo hivyo na wakubwa alipojifungua. Asipopona huitwa mkandaji. Aghalabu huyu ni mtu mzima wa mtaa huo huo, ambaye hana kibao mlangoni wala cheti ukutani. Humlaza mgonjwa kifudifudi juu ya mkeka, hupaka mafuta ya nazi au ya nyonyo yaliyopashwa moto, na kuchua kwa kidole gumba kandokando ya uti toka kiunoni mpaka mabegani, huku akiuliza habari za watoto. Akifika palipokaza husimama. "Hapa, mwanangu?" "Hapo hapo, mama." Basi hupakalia hapo mpaka palegee. Wengine huenda kuumikwa chuku, ambayo siku hizi watu wengi wameizoea kwa jina la hijama.

Haifai kudharau kazi ya mkono huu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno mwezi Desemba 2023, uchuaji ulikuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumsaidia mgonjwa. Na kuna faida nyingine ambayo miongozo huiandika kwa shida: mkandaji humgusa mtu pasipo haraka, humsikiliza, na yu karibu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nauli ya kwenda Muhimbili na kurudi, pamoja na siku nzima ya foleni, ni ujira wa magunia mengi.

Hatari ya mkandaji haimo katika mikono yake bali katika yale ambayo mikono haiwezi kuyajua. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huingia hata katika pingili za mgongo na kuzila taratibu, na maradhi hayo yalielezwa na tabibu Mwingereza Percivall Pott tangu mwaka 1779. Mgonjwa wake huumwa mgongo usiku na mchana, hupungua mwili, hupatwa na homa na jasho la usiku. Na mgongo ulioliwa hivyo ukikandamizwa huweza kuvunjika na kuwaacha miguu mikavu. Kadhalika mtu akianza kufa ganzi kati ya mapaja, au akashindwa kuzuia mkojo, au mguu ukalegea ghafula, huyo hana siku ya kungoja, wala hafai kupakwa mafuta. Njia yake ni hospitali saa hiyo hiyo. Mkandaji mwenye busara huyajua haya na humwambia mgonjwa, "Hili si langu." Wenye busara hiyo wapo, na mtaa huwaheshimu kwa wale waliowakataa kama kwa wale waliowaponya.

Wapo wanaopenda mgongo ulie. Kinyozi akiisha kumnyoa mteja humkanda kichwa, hushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, na kugeuza shingo kwa ghafula mpaka ikaalika. Mteja huinuka akiwa radhi, ijapokuwa hakuna aliyempima kwanza. Vijana nao huona katika simu zao picha za waganga wa ng'ambo wanaoalisha pingili za watu, na hudhani kuwa mlio ule ni mfupa ukirudi mahali pake. Sivyo. Mlio hutoka katika ute wa kiungo: nyuso mbili za mfupa zikivutwa zikaachana kwa ghafula, hutokea pango dogo la hewa katika ute huo, na mwaka 2015 wachunguzi wa Kanada walilipiga picha likizaliwa ndani ya kidole. Mfupa ulikuwa mahali pake tangu mwanzo.

Tiba hiyo ya kualisha pingili ina jina, kairopraktiki, lililotungwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kazi ya mkono. Na asili yake ni kisa ambacho watu wa Kipawa wangekielewa mara moja. Katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwezi Septemba 1895, aliyekuwa muuza duka na kisha mponyaji kwa sumaku, Daniel David Palmer, alisukuma pingili katika mgongo wa Harvey Lillard. Lillard alikuwa mtu mweusi, mfagizi wa jengo, mzito wa kusikia kwa miaka 17. Palmer alisimulia kwamba uziwi huo ulimjia Lillard siku alipokuwa ameinama akijikaza kwa kazi, akasikia kitu kikiachia mgongoni. Na kwamba pingili iliposukumwa, masikio yakafunguka. Juu ya tukio hilo Palmer alijenga imani kuwa karibu maradhi yote ya binadamu huletwa na pingili zilizopotoka. Mwaka 1906 alitiwa gerezani kwa kuganga bila ya kibali, na jambo hilo halikupunguza wafuasi wake.

Imani ya Palmer juu ya maradhi yote haikuthibitika, na hapana shaka haitathibitika. Lakini kazi ya mkono wake haikuwa bure. Ilipopimwa kwa utaratibu, kusukuma pingili kulionekana kuwapunguzia wenye maumivu ya kiuno uchungu wao kwa kiasi, sawa na tiba nyingine zinazokubaliwa, si zaidi. Na mwongozo wa 2023 umeitaja pamoja na uchuaji. Shingo ni jambo jingine. Mara chache, lakini mara chache isiyosahaulika, kuisokota kwa nguvu huchana mshipa wa damu uendao katika ubongo na kuleta kiharusi, na kinyozi hana habari ya mshipa huo. Wenye elimu ya kairopraktiki wapo Nairobi na Dar es Salaam, na ni wachache. Wateja wao aghalabu ni watu waliopata maumivu kwa kukaa vitini. Ajabu ya tiba iliyoanza katika mgongo wa mfagizi ni kwamba wafagizi hawaimudu.

Mkono wa tatu ni wa hospitali. Fiziotherapia, au tiba ya viungo, nayo ilianza kwa kuchua na kunyoosha. Mswidi Per Henrik Ling alipata kibali cha chuo chake cha mazoezi ya mwili mjini Stockholm mwaka 1813, na mwaka 1894 wauguzi wanne wa London waliunda chama cha wachuaji waliofunzwa, ili kazi hiyo itengwe na majumba yenye sifa mbaya yaliyojificha nyuma ya jina lake. Nchini Tanzania mafunzo yake yalistawi Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, na toka huko wanafunzi walitawanyika mikoani. Dar es Salaam ina Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na hospitali nyingine zina vyumba vyake vya tiba hiyo: kitanda, mipira, kamba, kioo kirefu ukutani ambamo mtu huutazama mgongo wake kwa mara ya kwanza.

Humo chumbani hutokea mazungumzo ambayo kila mtaalamu wa fani hii ameyazoea. Mtaalamu, mara nyingi msichana wa umri wa binti wa mgonjwa, hupima miguu, huinamisha, huinua, huuliza, kisha husema, "Baba, dawa yako kubwa ni mazoezi." Mchukuzi humtazama kwa huruma. "Mazoezi, daktari? Mimi tangu alfajiri nimo mazoezini." Wote wawili hucheka. Cheko hilo likiisha pasipo maelezo, tiba imekwisha kabla ya kuanza, maana mgonjwa hurudi Kipawa akiamini kwamba hospitali haijui kazi.

Na hoja yake si ya upuuzi. Ni lazima aonyeshwe kwamba kazi na zoezi ni vitu viwili, japo jasho lake ni moja. Kazi humtaka mtu arudie tendo lile lile kwa ajili ya mzigo. Zoezi huchagua tendo kwa ajili ya mwili. Kazi husimama lori likiisha, zoezi husimama nguvu zingalipo. Mchukuzi ana mapaja na shingo za chuma, lakini misuli ya ndani ya tumbo na ya makalio, ambayo ndiyo kamba za mlingoti, hushughulishwa kwa kishindo tu wala haifundishwi kukaza kwa utulivu. Kwa hivi huagizwa mambo ambayo kwa macho yake ni mchezo wa watoto: alale chali juu ya mkeka, akunje magoti, ainue kiuno polepole na kuhesabu kumi, apige magoti na viganja, anyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila ya kuyumba, alale kifudifudi na kujiinua kwa mikono kama kenge aotaye jua. Mtu aliyeinua kilo 100 asubuhi hutetemeka katika zoezi la pili. Hapo ndipo huanza kumwamini binti yule.

Jambo jingine gumu kueleza ni mapumziko. Zamani mgonjwa wa mgongo aliamriwa kulala kitandani wiki nzima, juu ya ubao ikiwezekana. Mwaka 1995 madaktari wa Finland walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi 186 wa mji wa Helsinki waliopatwa na maumivu ya ghafula: baadhi walilazwa siku mbili, baadhi walipewa mazoezi, na waliosalia waliambiwa waendelee na mambo yao ya kawaida kadiri uchungu ulivyowaruhusu. Hawa wa mwisho ndio waliopona upesi zaidi. Tangu hapo kitanda kimepoteza cheo. Lakini mambo ya kawaida ya karani wa Helsinki si mambo ya kawaida ya Kipawa. Karani alirudi kwenye kiti chake na mshahara wake ulikuwa unamngoja. Mchukuzi akiambiwa endelea kama kawaida, kawaida yake ndiyo iliyomleta. Akiambiwa pumzika, watoto hawali. Kati ya maneno hayo mawili hapana neno la tatu ambalo mtaalamu anaweza kuliandika katika kadi: tembea, jinyooshe, fanya kazi zote ila hiyo unayoifanya.

Basi wengi huchagua duka la dawa. Vidonge vya kutuliza maumivu hununuliwa kwa rejareja, viwili asubuhi na viwili jioni, navyo hufanya kazi yake. Hatari ni kwamba huruhusu mgongo ubebe tena bila ya kulalamika, na vikinywewa kwa miezi hula tumbo na kuchosha figo. Wengine hununua mkanda mpana wa kiuno. Mwongozo wa 2023 haukuupendekeza mkanda huo kuwa tiba ya maumivu sugu, lakini ni vigumu kumvua mtu kitu kinachompa moyo wa kuinama.

Pana tumaini moja ambalo wenye maghala hulipenda kwa kuwa halina gharama, nalo ni kuwafundisha watu namna ya kuinua: kunja magoti, shika mzigo karibu na kifua, usijipinde ukiwa nao. Mafundisho hayo ni mazuri. Lakini mapitio ya uchunguzi mwingi yaliyotolewa mwaka 2011 hayakuona kwamba mafunzo kama hayo peke yake huzuia maumivu ya mgongo. Mwanafunzi hodari kabisa wa kuinua, akipewa kilo 100, huinua kilo 100.

Sheria haikumsahau mfanyakazi. Tanzania ilitunga mwaka 2008 sheria ya fidia kwa wafanyakazi, na Mfuko wake ukaanza kazi mwezi Julai 2015. Anayeumia kazini hulipwa, na mwajiri huchangia. Lakini mlango wa Mfuko huo ni mwajiri, na mchukuzi wa siku hana jibu rahisi akiulizwa mwajiri wake ni nani. Mwenye lori husema ni mwenye ghala. Mwenye ghala husema ni mwenye mahindi. Mwenye mahindi yuko Kibaigwa. Tena mgongo haumii saa sita na dakika kumi mbele ya mashahidi kama kidole kilichokatwa na mashine. Huumia kwa miaka, kidogo kidogo, kwa magunia ya watu mia.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Kanuni zake za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia la kilo 50, na ijapokuwa masokoni kanuni hiyo imevunjwa waziwazi mara nyingi, imeandikwa, na mtu anaweza kuinyooshea kidole. Mifuko ya saruji inayoshushwa Kipawa nayo ni ya kilo 50, na hakuna jengo lililokosa kusimama kwa sababu mfuko ulikuwa mdogo. Mchukuzi akitajiwa gunia la nusu, swali lake la kwanza huwa ni juu ya ujira: je, nusu ya gunia ni nusu ya malipo? Swali hilo halina majibu katika chumba cha fiziotherapia wala juu ya mkeka wa mkandaji. Hujibiwa mlangoni pa ghala, alfajiri, na yule anayeita majina.